Msomi ni wa Nani? Masomo ya Lazima Vyuoni Yakitazamwa kutoka Turiani

Kijana wa Turiani anayechaguliwa kwenda kusomea uuguzi, uhandisi, sheria au theolojia hukutana, mapema katika mwaka wa kwanza, na somo ambalo hakuliomba. Katika vyuo vikuu vingi vya nchi yetu somo hilo huitwa Masomo ya Maendeleo, na wanafunzi hulijua kwa herufi mbili tu, DS. Kando yake kuna Stadi za Mawasiliano. Katika vyuo vya Kanisa huongezwa maadili na dini. Kijana huuliza, na mzazi wake aliyeuza miwa ili kulipa ada huuliza naye: hili la nini? Mtu anayejifunza kupima dawa, au kufafanua Waraka kwa Warumi, ana haja gani na mambo haya mengine?

Swali hilo ni halali, wala halijibiwi kwa kusema tu kwamba ndiyo kanuni. Sisi tunaofundisha theolojia tunalisikia madarasani na kwenye vikao vya mitaala, hasa siku hizi ambapo kila mmoja anatafuta somo la kupunguza. Kabla ya kupunguza, inafaa tujue masomo haya yalitoka wapi. Katika makala hii tunafuata historia yake, na tutaifuata tukiwa tumesimama mahali pamoja: Turiani, chini ya milima ya Nguru, mkoani Morogoro. Mahali hapo padogo pameguswa na karibu kila sura ya historia hiyo.

Kabla ya vyuo

Wengi hudhani kwamba elimu ya lazima kwa wote ililetwa na wageni. Sivyo. Wanguu, Waluguru na Wazigua walikuwa na jando na unyago. Mmoja angekuja kuwa mhunzi, mwingine mwindaji, mwingine mganga, lakini wote walipita kwanza katika mafunzo ya pamoja: heshima kwa wazee, wajibu kwa ukoo wa mama, mipaka ya ndoa, namna ya kuzika na namna ya kupokea mgeni. Ufundi ulifundishwa baadaye, na fundi mmoja kwa mwanafunzi mmoja. Asiyepita katika mafunzo yale, hata angekuwa stadi namna gani, alihesabiwa bado ni mtoto. Yamo mambo katika mila hizo ambayo Injili iliyahoji, na ilikuwa haki iyahoji. Lakini utaratibu wenyewe ulikuwa na hekima: kwanza mtu afundishwe ni wa nani, ndipo afundishwe kazi.

Mwaka 1877 Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliokuwa wameanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, walipanda kutoka pwani na kufungua kituo huko Mhonda, jirani na Turiani ya leo. Ndugu zetu Wakatoliki wanastahili heshima kwa kazi ile. Kufuatana na mfano wa Bagamoyo, katekisimu, kusoma, kilimo na ufundi wa mikono vilikwenda pamoja. Lengo lilikuwa kijiji kizima cha Kikristo, na kwa hiyo hakuna aliyefundishwa kitu kimoja tu. Mwalimu alikuwa katekista, na katekista alishika jembe. Hata leo Mhonda pana chuo cha ualimu.

Hata hivyo tunaona hapo upungufu utakaorudi mara nyingi katika historia hii. Aliyeamua watu wote wajifunze nini alikuwa mmoja, na wale waliofundishwa hawakuulizwa. Walichokuwa wakikijua wazee wa Kinguu kuhusu mito, misitu na ardhi yao hakikupata nafasi darasani.

Urithi wetu wa Matengenezo

Sisi Walutheri nasi tunao urithi wetu katika jambo hili. Katika vyuo vikuu vya zamani vya Ulaya hakuna aliyeanza moja kwa moja na theolojia, sheria au utabibu. Alipita kwanza katika sanaa saba: sarufi, ufasaha wa kusema, mantiki, hesabu, jiometri, elimu ya nyota na muziki. Martin Luther mwenyewe alipita njia hiyo huko Erfurt na kupata shahada yake ya uzamili ya sanaa mwaka 1505, kabla hajaingia utawani. Philipp Melanchthon alipofika Wittenberg mwaka 1518, akiwa na umri wa miaka 21, hotuba yake ya kwanza ilihusu jinsi ya kurekebisha masomo ya vijana. Hakutaka sanaa zile zifutwe. Alitaka zifundishwe vizuri zaidi, kwa kurudi kwenye lugha na maandiko ya asili.

Mwaka 1524 Luther aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani akiwahimiza waanzishe shule. Waraka ule unasomwa kidogo mno katika sharika zetu. Luther hakutetea shule kwa sababu ya wachungaji peke yao. Alisema kwamba hata kama kusingekuwa na mbingu wala roho ya kuokolewa, dunia hii bado ingehitaji wanaume na wanawake waliofundishwa, ili miji itawaliwe vyema na nyumba zitunzwe vyema. Alitaka watoto wajifunze lugha, historia, muziki na hesabu. Kwake, elimu pana ilikuwa njia ya kumtumikia jirani.

Na Maandiko yako upande huo. Musa alifundishwa hekima yote ya Wamisri kabla ya kuwaongoza Israeli. Danieli na wenzake walisoma maandiko na lugha ya Wakaldayo kwa miaka mitatu, wala imani yao haikupotea. Paulo, alipohubiri Areopago, aliwakumbusha Waathene maneno ya washairi wao wenyewe. Asingeweza kufanya hivyo kama angekuwa amesoma miguuni pa Gamalieli tu.

Mlimani na swali la Mwalimu

Tanganyika ilipopata chuo kikuu chake cha kwanza, mwezi Oktoba 1961, kilianza Dar es Salaam na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wachache. Kilikuwa chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa amesoma Makerere, kisha Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, akapata shahada ya sanaa ya mfumo wa Uskoti. Mfumo ule haukumfunga kwenye somo moja: alisoma falsafa ya maadili, historia, uchumi, sheria ya katiba, elimu ya jamii na fasihi. Hapo tunaweza kuelewa kwa nini hakuridhika na chuo cha kutoa mafundi wa kazi maalumu tu.

Mwaka 1964 alitoa mfano ambao wazee wengi bado wanaukumbuka. Kijiji kina njaa. Wanakijiji wanakusanya chakula chote kilichobaki na kumpa mtu mmoja, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea msaada. Akila chakula kile na asirudi, huyo amewasaliti. Msomi, alisema Mwalimu, ndiye mtu yule.

Tarehe 22 Oktoba 1966 mfano huo ulijaribiwa. Wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga mpango wa kulitumikia Taifa kwa miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo kwa mshahara uliopunguzwa. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, na wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao. Hakuishia kwa wanafunzi: alitangaza pia kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, lilitolewa Azimio la Arusha, na mwezi uliofuata Elimu ya Kujitegemea. Mwezi huohuo wa Machi kulifanyika mkutano Dar es Salaam wa kujadili kazi ya chuo kikuu katika nchi inayojenga ujamaa.

Somo la pamoja kwa wanafunzi wote lilizaliwa katika joto lile. Daktari, mhandisi na mwanasheria walitakiwa waketi pamoja na kujifunza jamii watakayoitumikia: uchumi wake, historia yake, sababu za umaskini wake. Mabishano yalikuwa makali. Wengine waliona ni siasa iliyovikwa joho la chuo. Wengine, hasa wanafunzi wa mrengo wa kushoto walioandika katika jarida la Cheche, waliona halijafika mbali vya kutosha. Walter Rodney, mwalimu wa historia kutoka Guyana, alifundisha Mlimani katika miaka hiyo, na mihadhara ya hadhara ilijaza kumbi hadi watu wakasimama madirishani. Chuo kilipokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970 mabishano hayakwisha, na mwaka 1973 ikaanzishwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo kusimamia somo la lazima kwa wote. Hiyo ndiyo DS anayokutana nayo kijana wetu wa Turiani.

Tujifunze jambo moja hapa. Somo lile halikuwekwa ili kupamba shahada. Liliwekwa kwa sababu nchi maskini iliuliza swali gumu: huyu tunayemsomesha, ni wa nani? Mwanzoni wanafunzi na walimu waligombana juu ya jibu, na somo likawa hai. Baadaye, jibu lilipoonekana kuwa limekwisha kutolewa na kilichobaki ni kulikariri, watu waliacha kugombana, na somo likaanza kupoa.

Morogoro inaitikia

Mkoa wetu haukuwa mtazamaji. Mwaka 1969 Kitivo cha Kilimo cha Chuo cha Dar es Salaam kilianza mjini Morogoro. Mwaka 1984 kikawa chuo kikuu kamili na kupewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili mwaka ule eneo la Dakawa, katika barabara ileile tunayoipita tukitoka Morogoro kwenda Turiani. Chuo cha kilimo kilielewa mapema kwamba bwana shamba anayejua udongo tu hajui kilimo. Bei ya miwa hutegemea uzito na kiwango cha sukari kinachopimwa. Mtaalamu anayekwenda Mtibwa anaweza kupima kiwango hicho bila kukosea hata kidogo, na bado akashindwa kumweleza mkulima mwenye ekari mbili ambaye hajawahi kuona maabara kwa nini malipo yake yametoka vile. Kipimo ni sayansi. Kuaminiwa ni jambo lingine, na hilo nalo lina elimu yake.

Pale Mazimbu, mjini Morogoro, wakimbizi wa Afrika Kusini wa chama cha ANC walijenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na utawala wa makaburu mwaka 1979. Vijana wale walisoma hesabu, sayansi na Kiingereza kama wengine, lakini pia walikuwa na somo la maendeleo ya jamii za binadamu na somo la historia ya mapambano yao. Walifanya kazi za mikono vilevile. Watu waliokuwa vitani, wenye haja ya haraka ya mafundi na wauguzi, hawakuona kwamba masomo hayo yanawapotezea muda. Mwaka 1992 waliikabidhi Mazimbu kwa nchi yetu, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine.

Leo Morogoro ina pia Chuo Kikuu cha Mzumbe, Chuo Kikuu cha Waislamu na Chuo Kikuu cha Jordan cha ndugu Wakatoliki, ambao mapadre wao husoma falsafa kabla ya theolojia. Kila kimoja kwa njia yake kinakubali kwamba kazi ya mtu haitoshi kumfanya mtu.

Pale mlipaji alipobadilika

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 nchi ilibadili njia ya uchumi. Serikali haikuweza tena kubeba gharama yote, na uchangiaji ukaingia. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005. Vyuo viliongezeka, na kumbi zilizokuwa na wanafunzi makumi zikawa na mamia. Somo la lazima ndilo lililojaa kuliko yote, kwa sababu wote wanalisoma. Mara nyingi likakabidhiwa mwalimu kijana asiye na msaidizi, likafundishwa kwa kipaza sauti, likasomwa kwa madesa ya mwaka juzi na kutahiniwa kwa maswali ya kuchagua herufi. Mwanafunzi hakosei anapoona kwamba kitu kinachofundishwa hivyo hakithaminiwi na chuo chenyewe.

Pamoja na hayo, hoja mpya imezaliwa: mimi, au mzazi wangu, ndiye ninayelipa, basi nichague mwenyewe. Mfano wa kijiji chenye njaa unaonekana umepitwa na wakati.

Lakini tuulize Turiani. Ada ya kijana yule imetoka wapi hasa? Mama ameuza mpunga. Mjomba ametoa fedha za miwa. Kwaya imeimba kwenye harambee, wazee wa usharika wamepitisha bahasha, na jirani Mwislamu ametuma mchango kwa simu. Kilichobaki ni mkopo, yaani fedha ya watu ambao hatawajua kamwe. Chakula cha kijiji bado kinakusanywa, na safari hii kinakusanywa kwa majina, na daftari lipo. Mfano wa Mwalimu uko karibu nasi kuliko ulivyokuwa mwaka 1964.

Mchungaji na ardhi

Tuje nyumbani kwetu. Chuo cha theolojia cha Walutheri kilihama Lwandai, Usambara, kwenda Makumira mwaka 1954. Tangu miaka ya 1990, Kanisa letu lilipoanzisha Chuo Kikuu cha Tumaini, wanafunzi wa theolojia wamekuwa wakisoma katika mfumo mmoja na wanafunzi wa ualimu, sheria na fani nyingine, na masomo ya pamoja yameingia pia kwa wachungaji. Wako wazee wa Kanisa wanaohoji. Tumewatuma wakajifunze Neno, wanasema, mbona wanarudi na takwimu na sosholojia? Wasiwasi wao si wa kudharau. Shahada ya miaka mitatu inadai krediti 360, na kila somo linaloongezwa hula saa za Kigiriki, Kiebrania na mahubiri. Tumeona mitaala iliyojazwa vitu vingi hadi hakuna kinachoshika. Masomo ya lazima yakizidi, nayo yanakuwa mzigo ulioongezwa kwa aliyechoka.

Lakini tufikirie kazi inayomngoja mchungaji katika Wilaya ya Mvomero. Wakulima na wafugaji wamegombana miaka mingi juu ya maji na malisho katika bonde la Wami na pembezoni mwake. Katika wilaya jirani ya Kilosa, Desemba 2000, watu zaidi ya 30 waliuawa huko Rudewa Mbuyuni katika mgogoro wa namna hiyo. Wakristo wetu wamo pande zote mbili: yuko mwenye shamba la mpunga, na yuko mwinjilisti wa Kimasai mwenye ng'ombe. Mchungaji anayejua kufafanua vizuri andiko la upatanisho, lakini hajui Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema nini, wala mpango wa matumizi ya ardhi hupitishwaje katika mkutano mkuu wa kijiji, atahubiri amani Jumapili, na Jumatatu atakuwa hana la kusema barazani. Yule kuhani aliyempita mtu aliyeumizwa njiani kwenda Yeriko hakukosa elimu ya madhabahu.

Na jambo hili halimhusu mchungaji peke yake. Mwuguzi wa Hospitali ya Turiani, mwalimu aliyetoka Mhonda, mhandisi wa mfereji, wote watakutana na mgogoro uleule kwa sura tofauti. Kama wamewahi kuketi darasa moja na kuujadili, wataweza kusaidiana. Kama kila mmoja alifungiwa katika fani yake, watakutana mara ya kwanza siku ya msiba.

Tufanye nini

Historia hii inatufundisha tusiyafute masomo haya, na pia tusiyaache yalivyo. Mambo matatu yanaonekana wazi.

Kwanza, yawe machache. Somo moja lililofundishwa na kupigwa jadi kwa mwaka mzima lina faida kuliko matano ya madesa.

Pili, yakabidhiwe walimu wazoefu. Melanchthon, msomi mkubwa wa kizazi chake, hakuona haya kuwafundisha vijana sarufi. Chuo cha Kanisa kinachompa mwaka wa kwanza mwalimu wake bora kitakuwa kimekwisha kusema, bila tangazo, kwamba somo hilo ni la maana.

Tatu, yarudi kwa walioyalipia. Mhonda ya 1877 na Mlimani ya 1973 zilishabihiana katika hili: watu waliotajwa sana kwenye somo hawakuulizwa. Nasi tunafundisha maendeleo ya vijiji vyetu kwa Kiingereza, tunatahini kwa Kiingereza, kisha tunashangaa msomi akirudi Turiani na kukosa maneno. Tungependa katika vyuo vyetu vya Kanisa mtihani wa somo la lazima uwe na angalau swali moja lisilojibiwa kwa kukariri. Mwanafunzi aende likizo, aketi na watu watatu waliochangia ada yake, awaeleze kwa Kiswahili anachojifunza na kitawafaa nini, na aandike walichomwuliza. Wala wasimwulize maswali mepesi. Mama aliyeuza mpunga hana sababu ya kuuliza swali jepesi.